Aragvi: historia ya mgahawa wa Kigeorgia uliokaa katikati ya Moscow

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam. Kwa waliosoma Urusi zama za Kisovieti, na kwa waliokua wakisikia masimulizi ya wazazi wao waliosoma huko, jina la Aragvi si geni. Hata hivyo, kila linapotajwa humu hutajwa kwa kupitia tu, kisha mazungumzo huhamia kwenye theluji na mabweni. Nimeona niufungulie mgahawa huu uzi wake, kwa sababu naamini hakuna mahali palipoonyesha waziwazi kama pale jinsi taifa dogo la milimani lilivyopata kiti cha mbele katika mji mkuu wa dola iliyolitawala, na jinsi chakula chake kilivyobaki mezani baada ya wakubwa waliokileta kuondoka. Georgia ninayoizungumzia ni nchi ya Kaukazi yenye mji mkuu Tbilisi, si jimbo la Marekani.

Nianze na jengo, kwa kuwa lilikuwa na umri mkubwa kabla mgahawa haujazaliwa. Lipo katika mtaa wa Tverskaya, namba 6, pembeni mwa uwanja unaotazamana na jumba lililokuwa makazi ya gavana mkuu wa Moscow. Katika karne ya 19 palikuwa na hoteli iliyoitwa Dresden, na miongoni mwa wageni wake wanatajwa waandishi Turgenev, Nekrasov na Ostrovsky, pamoja na mtunzi wa muziki Robert Schumann, aliyefika Moscow mwaka 1844 akiwa na mkewe Clara katika ziara ya maonyesho. Ukitaka kujua pale palikuwa mahali pa namna gani, tazama sanamu zilizosimamishwa uwanjani: mwaka 1912 iliwekwa ya Jenerali Skobelev juu ya farasi, mwaka 1918 Wabolsheviki wakaiondoa na kusimika mnara wa uhuru, mwaka 1941 mnara huo nao ukabomolewa, na tangu mwaka 1954 amesimama hapo Mwana wa mfalme Yuri Dolgoruky, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mji. Kila utawala ulitaka kuonekana mahali hapo.

Miaka ya 1930 serikali ya Stalin iliamua kuupanua mtaa huo, ambao kuanzia mwaka 1932 uliitwa mtaa wa Gorky. Majengo mengi yalivunjwa, na mengine yalikatwa kwenye misingi yake na kusogezwa nyuma juu ya reli. Jumba la gavana, lililokuwa limegeuzwa kuwa makao ya halmashauri ya jiji, lilisogezwa zaidi ya mita 13 mwaka 1939, na baadaye likaongezewa ghorofa. Moscow ilikuwa inavishwa vazi la mji mkuu wa Ujamaa, na vazi hilo lilihitaji pia mahali pa kula penye hadhi.

Katika mazingira hayo ndipo Aragvi ulipofunguliwa, mwaka 1938, ukabeba jina la mto unaotelemka kutoka milima ya Kaukazi na kuungana na mto Mtkvari penye mji wa kale wa Mtskheta. Mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida kwa Wageorgia wa Moscow. Stalin mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Gori, mji wa Georgia, na mwezi Agosti 1938 alimwita Lavrentiy Beria, aliyekuwa kiongozi wa chama huko Georgia, aje mji mkuu; kufikia Novemba Beria alikuwa mkuu wa NKVD, chombo cha usalama kilichoogopwa kuliko vyote. Masimulizi ya mji yanamtaja yeye kuwa ndiye aliyeusukuma mpango wa mgahawa. Hata kama tutaliweka kando jina lake, ni vigumu kufikiri kwamba jiko la Kigeorgia lingepewa jengo kama lile, mbele ya halmashauri ya jiji na umbali wa kutembea kutoka Kremlin, bila idhini ya watu wa juu kabisa.

Mapambo yake yalikabidhiwa mabingwa. Mbunifu Aleksey Dushkin, aliyehusika na kumbi zake, ndiye aliyebuni kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Mayakovskaya, kilichofunguliwa mwezi Septemba 1938 na ambacho hadi leo watu husafiri kwenda kukitazama. Michoro ya ukutani ilifanywa na Irakli Toidze, mzaliwa wa Tbilisi, ambaye mwaka 1941 alichora lile bango la vita la mama aliyenyanyua mkono akiwaita wanawe walinde nchi, bango linalojulikana kwa kila Mrusi. Kwa hiyo aliyeingia kula maharage pale alikula katikati ya kazi za mikono iliyopamba dola yenyewe. Palikuwa na kumbi kadhaa, ukiwamo wa marumaru, na roshani ya wanamuziki ambapo nyimbo za Kigeorgia ziliimbwa kwa sauti kadhaa zinazopishana.

Chakula nacho kilihitaji njia yake. Mahitaji ya jiko la Georgia hayakupatikana kwa urahisi Moscow: kotmiri, majani ya kiungo yaitwayo tarkhun, komamanga, plamu chachu, jibini la suluguni, na zabibu za Kakheti. Inasimuliwa kwamba bidhaa zilipakiwa Tbilisi kwenye behewa maalumu na kuletwa kwa treni, safari iliyochukua siku kadhaa. Nalitaja jambo hili kwa sababu ndilo lililotofautisha Aragvi na migahawa mingine ya mataifa iliyofunguliwa baadaye jijini, kama Uzbekistan na Baku. Mpishi aliyepewa nyama nzuri tu hawezi kupika kharcho, maana supu hiyo haina maana bila uchachu wa plamu na harufu ya majani mabichi.

Mvinyo ulikuwa na utaratibu wake wa pekee. Katika biashara ya Kisovieti mvinyo wa Georgia ulipewa namba: Tsinandali namba 1, Mukuzani namba 4, Khvanchkara namba 20, Kindzmarauli namba 22. Mlevi mzoefu wa Moscow aliweza kuagiza kwa namba bila kutaja jina, na mhudumu akamwelewa. Utamaduni wenyewe ni wa kale mno. Watafiti wamepata mabaki ya mvinyo kwenye vyungu vya Georgia vyenye umri wa takriban miaka 8,000, na mwaka 2013 UNESCO iliorodhesha njia ya kuchachusha mvinyo kwenye mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, inayoitwa qvevri, kuwa urithi wa binadamu.

Wateja wake walikuwa waigizaji, waandishi, wachezaji wa chesi, majenerali, maofisa wa usalama, wageni wa serikali, na wafanyabiashara wa sokoni waliokuja na fedha za kutosha kutoka Kusini. Naishia hapa kwa sasa ili nisiwachoshe. Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

Mchangiaji wa pili

Ahsante kwa uzi, mkuu. Mimi nina swali moja. Warusi wana chakula chao, na Waukraine pia. Kwa nini chakula cha Georgia ndicho kilichopewa heshima ya karamu katika Muungano wa Kisovieti mzima? Je, ni kwa sababu ya Stalin peke yake?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, ndugu yangu. Stalin ni sehemu kubwa ya jibu, lakini si jibu lote. Anastas Mikoyan, Mwarmenia aliyekulia Kaukazi hiyohiyo, ndiye aliyekuwa kamishna wa viwanda vya chakula. Mwaka 1936 alizunguka Marekani kujifunza namna ya kuzalisha chakula kwa wingi, na mwaka 1939 wizara hiyo ya chakula ikatoa kitabu cha mapishi ambacho baadaye kilienea katika nyumba nyingi za mjini. Viongozi wa namna hiyo waliona fahari kuonyesha kwamba Muungano una meza moja yenye vyakula vya mataifa yote.

Kisha kuna sababu iliyo ndani ya chakula chenyewe. Jiko la Kirusi la kitajiri, lenye michuzi ya Kifaransa, lilikuwa limefutwa pamoja na tabaka lililokuwa likililipia, na kula kama mwanamfalme kulikuwa kumegeuka aibu ya kisiasa. Chakula cha Georgia kilitoa anasa isiyo na harufu ya ukabaila: kuku, maharage, mkate wenye jibini, nyama ya kuchoma, majani mabichi kwa wingi, vyote vikiwa chakula cha wakulima lakini vyenye ladha kali na rangi. Mtu aliweza kusherehekea bila kushutumiwa. Zaidi ya hayo, Wageorgia walikuja na adabu kamili ya karamu, inayoitwa supra, ambamo mtu mmoja huteuliwa kuwa tamada, naye huongoza mezani kwa hotuba fupifupi: kwa amani, kwa wazazi, kwa marehemu, kwa wageni, na hakuna anayekunywa kabla hajasema. Urusi ilikuwa na pombe nyingi, lakini haikuwa na utaratibu kama huo, na Warusi waliupenda hadi wakaufanya wao.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo wote mnaostahili. Mimi ni mmoja wa waliosoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo naweza kuongeza yale niliyoyaona. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa wachache lakini tulijuana.

Kuingia Aragvi hakukuwa jambo la kusema tu leo tutakula nje. Mlangoni palikuwa na kibao kinachosema hakuna nafasi, na foleni nje hata kwenye baridi, ilhali ukichungulia ndani uliona meza tupu. Mwenye mamlaka halisi alikuwa bawabu mlangoni. Aliyejulikana aliingia, aliyempa chochote aliingia, na wageni wa nje wakati mwingine waliingizwa kwa sababu serikali ilipenda wageni waridhike. Posho yetu ilikuwa kubwa kuliko ya wanafunzi wa Kirusi, hivyo tulichangishana kwa ajili ya siku ya mtu kumaliza mtihani wa mwisho, na siku hiyo tulivaa suti.

Jambo lililonigusa ni ukarimu wa Wageorgia waliokuwa wakila meza za jirani. Ni desturi yao kumtuma mhudumu apeleke chupa ya mvinyo kwa meza ya watu wasiowajua, hasa wageni, kisha husimama kutoka mbali na kuwanyanyulia bilauri. Sisi tulioishi miaka kadhaa ndani ya jiji ambamo watu hawasalimiani kwenye treni tuliguswa sana na desturi hiyo. Mmoja wetu, mtu wa Pemba asiyekunywa, aliletewa chupa za Borjomi, maji ya madini ya Georgia, badala ya mvinyo mara tu walipoelewa, na hotuba ikatolewa kwa heshima yake vilevile.

Kisha ikaja kampeni ya Gorbachev dhidi ya ulevi, mwezi Mei 1985. Pombe ikawa haiuzwi kabla ya saa nane mchana, na mashamba ya mizabibu yakang'olewa Georgia, Moldova na Crimea, mengine yakiwa ya mbegu zilizotunzwa kwa vizazi. Tuliokuwepo tuliona mvinyo mzuri ukiadimika mezani.

Mwanzisha uzi

Marahaba mzee wangu, na nakushukuru kwa ushuhuda. Hilo la mizabibu ni pigo ambalo wakulima wa Georgia hawajalisahau, maana mzabibu ukishang'olewa hauwezi kurejeshwa kwa amri ya mwaka unaofuata.

Mchangiaji wa nne

Habari zenu. Mimi ni mpishi hapa Zanzibar na nimewahi kufanya kazi jikoni na Wageorgia katika nchi moja ya Ghuba. Naona mmeeleza siasa sana na chungu mmekipita haraka, kwa hiyo naomba nisimulie vyakula viwili vilivyoubeba mgahawa huo.

Cha kwanza ni satsivi. Kuku huchemshwa na kukatwakatwa, kisha hutengenezwa mchuzi mzito wa jozi zilizosagwa hadi zitoe mafuta yake, pamoja na vitunguu, kitunguu saumu, mbegu za giligilani, siki kidogo, na unga wa maua makavu ya manjano ambayo wao huyaita zafarani ya Imereti ingawa si zafarani. Hupozwa kabisa na kuliwa baridi. Jozi kwa Mgeorgia ni kama nazi kwetu sisi watu wa Pwani: huingia kwenye kuku, kwenye bilinganya, kwenye mchicha, kwenye maharage, na hufikiriwa kwamba chakula kisicho nayo kimepungukiwa. Mpishi mvivu akisaga haraka mchuzi hukatika na kuwa na chembechembe, naye mzoefu hulijua kosa hilo kwa kutazama tu.

Cha pili ni kuku aitwaye kwa Kirusi "tabaka", ambaye kwa Warusi wengi ndiye Georgia yenyewe. Huchaguliwa kuku mchanga, hupasuliwa kifuani, hulazwa na kupondwa awe bapa, kisha hukaangwa kwenye kikaango kizito kiitwacho tapa huku kifuniko cha uzito mkubwa kikimbana, mpaka ngozi yote iwe kavu na ya kahawia. Hutolewa na mchuzi wa kitunguu saumu. Siri yake ni umri wa kuku. Kuku mkubwa akibanwa hivyo huungua nje kabla hajaiva ndani, na ndiyo maana nyumbani wengi walishindwa, wakaendelea kumfuata mgahawani.

Mchangiaji wa tano

Nimesoma kwa makini, na naheshimu maelezo ya chakula. Lakini naomba tusizungumzie karamu kana kwamba hapakuwa na damu chini ya meza. Beria hakuwa mlezi wa mapishi. Watu wangapi waliangamizwa huko Georgia kabla ya yeye kuja kula Moscow?

Mwanzisha uzi

Umesema jambo ambalo halipaswi kukwepwa, na nilikuwa nikilitafutia nafasi. Mwaka 1937, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Aragvi kufunguliwa, Beria akiwa bado ndiye mkubwa wa Tbilisi, waandishi wa Georgia walimalizwa. Mshairi Paolo Yashvili alijipiga risasi mwezi Julai ndani ya jengo la chama cha waandishi, baada ya kulazimishwa kuwasaliti wenzake. Rafiki yake Titsian Tabidze alikamatwa na kuuawa Desemba, na mtunzi wa riwaya Mikheil Javakhishvili alikuwa ameshauawa Septemba. Hawa ndio waliokuwa roho ya meza za Georgia, watu ambao hotuba zao za karamu zilikumbukwa kama mashairi. Kwa hiyo dola iliwaua watu walioibeba lugha na fikra za taifa lile, na papo hapo ikalijengea taifa hilohilo ukumbi wa marumaru ili liimbe na kupika mbele ya wageni. Mimi siwezi kuyatenganisha mambo haya mawili. Naona ni siasa moja: taifa dogo liliruhusiwa kuwa na ladha, ngoma na mavazi, mradi lisiwe na sauti ya kuamua mambo yake. Georgia ilikuwa imejitangazia uhuru tarehe 26 Mei 1918, na Jeshi Jekundu likauzima Februari 1921.

Lakini pia sikubali kwamba chakula kile ni mali ya Beria. Alikamatwa Juni 1953, miezi michache baada ya Stalin kufa, na kuuawa Desemba mwaka huohuo. Jina lake likafutwa kila mahali. Aragvi haukuguswa, ulijaa zaidi katika miaka iliyofuata, na miongoni mwa walioujaza walikuwamo watu waliorudi kutoka kambi za kazi ngumu, na kizazi kipya cha washairi na waigizaji waliotaka mahali pa kuzungumza.

Mchangiaji wa pili

Sasa tueleze mwisho wake. Nilisikia ulifungwa, kisha ukafunguliwa, kisha ukafungwa tena.

Mwanzisha uzi

Ndivyo. Muungano ulipovunjika mwaka 1991 na Georgia kupata uhuru wake, mgahawa ulijikuta katika mji mkuu wa nchi ya kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafungwa. Jengo lilikaa zaidi ya miaka 10 bila kutoa sahani moja. Katika kipindi hicho uhusiano wa nchi mbili ulizorota vibaya: mwaka 2006 Urusi ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia na maji ya Borjomi, na mwezi Agosti 2008 zikapigana vita, zikakata uhusiano wa kibalozi. Mvinyo uliruhusiwa tena mwaka 2013.

Mwaka 2016 Aragvi ulifunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa uliorudisha kumbi na michoro ya Toidze. Wengi, nami nikiwamo, tulidhani umerudi kukaa. Mwaka 2019 ukafungwa tena. Kwa maoni yangu haukushindwa kwa sababu Warusi walichoka na chakula cha Georgia, bali kwa sababu kilikuwa kimeenea kila kona. Moscow ya wakati huo ilikuwa na migahawa ya khinkali (vifuko vya unga vyenye nyama) na khachapuri (mkate wenye jibini) kuanzia vibanda vya karibu na vituo vya treni hadi kumbi za matajiri, mingi yake ikipikwa na Wageorgia wenyewe. Aragvi wa zamani ulikuwa na nguvu kwa sababu ulikuwa karibu peke yake, mlango wake ulikuwa mgumu kuingia, na behewa la Tbilisi lilikuwa lake. Mambo hayo matatu hayakuweza kukarabatiwa pamoja na dari. Mteja wa 2016 alikuta bei ya jengo la kihistoria kwa sahani ambayo aliweza kuila kwa nafuu mtaa wa pili.

Hoja yangu kwa waliobaki na kumbukumbu, hususan wazee wetu wa Lumumba, ni kwamba picha na karatasi za wakati ule zinapotea nyumbani mwetu kila tunapohama. Mwenye picha ya ukumbi, orodha ya vyakula yenye bei za rubli, au hata risiti, naomba aipige picha na kuiweka hapa chini pamoja na mwaka wake. Mzee wa hapo juu, ile siku ya suti, kuna aliyebeba kamera?

Mchangiaji wa tatu

Kamera ilikuwepo, aina ya Zenit, na mwenyewe anaishi Tanga. Nitampigia simu.